Barua kwa Rehema kuhusu ile pikapu

Rehema mwenzangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote watatu. Picha ulizotuma nimeziangalia, mpaka ile ya uvunguni uliyopiga gizagiza. Unataka kujua kama injini ya diseli iliyokwisha kutembea kilomita 210,000 bado ina maisha. Nitakujibu, ila ningependa uanze kwingine. Injini hutengenezeka. Kwa gari la familia mimi natazama kwanza siti ya nyuma, halafu chesisi, na nikiridhika na hivyo viwili ndipo nafungua boneti.

Umesema ni dabo kebini ya milango minne, na hapo nimeshusha pumzi. Zile zenye vijisiti vya kukunja nyuma ya dereva ni za kumbebea mfanyakazi mwenzio kwa safari fupi, si mtoto wa kwenda shule kila siku. Lakini dabo kebini nazo hazilingani. Mgongo wa siti ya nyuma mara nyingi umesimama karibu wima, maana nyuma yake kuna ukuta wa kebini na hauna pa kulalia. Mtu mzima akikaa hapo safari ndefu hushuka kiuno kimekufa ganzi. Watoto hawana habari na kiuno, ila wakisinzia vichwa huangukia mbele, nawe utaviona kwenye kioo njia nzima.

Kwa hiyo nenda na watoto, na ubebe kiti cha yule mdogo. Muuzaji akikwambia kitaenea, mshukuru, kisha kifunge mwenyewe. Papasa pale mgongo wa siti unapokutana na kikalio, utafute vyuma viwili vya ISOFIX, yaani vya kunasia kiti cha mtoto. Mara nyingi vipo pembeni tu, katikati hakuna. Halafu tafuta pa kufungia mkanda wa juu wa kiti. Kwenye pikapu nyingi mahali hapo hufichwa nyuma ya mgongo wa siti, wakati mwingine ni kitanzi cha kitambaa tu, na bila kuuvuta mgongo mbele hukioni. Kama kiti kinatazama nyuma, mwambie shemeji akae mbele yake anyooshe miguu kama anavyokaa siku zote. Magoti yakigusa dashibodi, umeshapata jibu. Kisha angalia mkanda wa abiria wa katikati. Pikapu nyingi za zamani humpa mkanda wa kiunoni tu, usiopita begani. Mwenye mtoto mmoja au wawili anaweza kulivumilia hilo. Wewe una watatu, na kwa sababu hiyo peke yake mimi ningeliacha gari.

Mwaka wa kutengenezwa nao una uzito kuliko ung'aavu wa rangi. Ford Ranger ya 2011 ilipata nyota 5 katika majaribio ya Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, kiwango ambacho pikapu nyingi zilizoitangulia hazikukifikia. Hesabu mifuko ya hewa: ya mbele miwili pekee, au na ya pembeni inayoshuka kufunika madirisha ya nyuma? Na umuulize muuzaji ile namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliwahi kuitwa kwa marekebisho likapuuzwa. Usilione jambo dogo. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilifanya magari yaitwe kwa mamilioni duniani, Ranger za Marekani za 2004 hadi 2006 zikiwemo, kwa sababu kipulizio chake kiliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria.

Sasa chesisi. Hapa usione haya, tandika gunia ulale chini. Beba tochi na bisibisi kubwa. Mbele huwa pako safi kwa sababu mafuta ya injini yanayovuja hupalinda, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mbele, mwachie. Wewe nenda nyuma, kuanzia usawa wa mlango wa abiria hadi pale springi za nyuma zinaposhikwa. Matope na maji hukaa hapo, na kwa vile chuma cha chesisi kina uwazi ndani, kutu huanza ndani na kutoka nje wakati kazi imeshakwisha. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi ukisogea kidogo kidogo. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito, imekufa, geuza bisibisi usukume ncha. Magamba yakianguka kwa tabaka, au ncha ikizama, simama ujipanguse vumbi uage kwa heshima. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa uvunguni pekee ndiyo inayonitia shaka kuliko kutu yenyewe. Hata kwenye giza la picha yako ile, chuma kinang'aa kupita kiasi kwa gari la umri huo.

Wala jina la gari lisikutulize. Pikapu za Toyota Tacoma za 2005 hadi 2010 zilioza chesisi Marekani hadi Toyota, mwaka 2016, ikakubali kumaliza kesi kwa kukagua na kubadilisha chesisi zilizoharibika. Na hizo ni gari zinazosifiwa kwa ugumu.

Ukiwa hapo chini angalia ndoano ya trela. Ikiwa imelika na kung'aa kwenye kichwa, gari limekokota mizigo, na klachi, gia na difu vimelipia. Inua pia plastiki iliyotandikwa ndani ya bodi. Wengi huisifia kuwa imelinda rangi, kumbe chini yake maji yamekaa miaka.

Kuhusu mizigo, watu husahau kwamba uwezo wa gari unahesabu na binadamu. Likiwa la kilo 1,000, mkiwa watano wa wastani wa kilo 70, zimeshaondoka 350. Kwenu bado zinabaki nyingi, kwa hiyo shida yenu itakuwa kinyume chake: gari tupu. Springi za nyuma zimekazwa kwa ajili ya mzigo, na bila mzigo mkia hurukaruka kwenye matuta. Kabla ya kuilaumu springi pima upepo wa tairi. Wenye kubeba mizigo huzijaza sana kisha wanauza gari hivyo hivyo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tarehe ya tairi nayo isome ubavuni: namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Haya, injini yako. Kilomita 210,000 kwa diseli iliyobadilishiwa mafuta kwa wakati si nyingi. Swali ni nani alikuwa akibadilisha. Fika asubuhi, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa. Iwake baridi mbele yako. Moshi mweusi kidogo unapokanyaga ghafla hautishi sana. Wa buluu unaoendelea ni mafuta ya injini yanayoungua. Halafu fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke mwepesi ni kawaida. Mvuke ukitoka kwa mapigo, pu-pu-pu, ringi za pistoni zimechoka.

Uliza pia kuhusu taimingi, yaani mkanda au mnyororo unaofungua na kufunga vali za injini kwa wakati wake. Toyota Hilux za diseli ya D-4D, zenye injini ya 2KD au 1KD, zinatumia mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 150,000. Isuzu D-Max ya 4JJ1 inatumia mnyororo. Kama ni ya mkanda na hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei kwa kiasi hicho. Na kama gari ni jipya kiasi cha kuwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, fikiria safari zenu zilivyo. Shule, sokoni, nyumbani: injini haipati joto la kutosha, na kichujio kinaziba. Kwa familia ya safari fupi, petroli ingewafaa zaidi, ingawa najua shemeji hataki kusikia.

Fowili, ile ya kuendesha magurudumu yote manne, ijaribuni kwenye udongo, si kwenye lami kavu. Nyingi za aina hii hazina difu ya katikati, ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo, zikikata kona kwenye lami zinajikaba zenyewe na kuumia.

Kuna jambo moja hukuniuliza, nami linanikosesha raha kuliko mengine. Mkia wa pikapu ni mrefu kwenda juu, na mtoto aliyechuchumaa nyuma yake haonekani kwenye kioo chochote. Kabla ya kununua, msimamishe mkubwa nyuma ya gari, wewe ukae kwenye usukani, uone anaanza kuonekana akiwa umbali gani. Kamera ya nyuma weka kwenye bajeti siku ile ile, kabla ya keria, kabla ya rimu anazozitaka shemeji.

Nyaraka wewe unazijua kuliko mimi, sikufundishi.

Nitakuja nawe, mradi unipe siku mapema. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, na kwamba tutaipandisha kwa fundi wetu, si wake. Akianza kusitasita, nipigie hapo hapo nisiondoke nyumbani. Bisibisi ninayo, gunia leta wewe.

Wako,
Neema