Mtoto aliye ndani ya jicho

Mwanangu kipenzi,

Juzi umenipigia kwa simu ya matroni ukaniuliza mama hivi pupil ni mwanafunzi au ni mboni ya jicho, maana mwalimu wa bayolojia kasema mboni na we tangu darasa la tatu unajua ni mwanafunzi, nikaanza kukujibu salio likakata. Nikaona bora nikuandikie kabisa, hili neno lina mambo.

Ni vyote viwili mwanangu. Warumi wa zamani msichana walimwita pupa, na mwanasesere ni pupa vilevile, akiwa kadogo wanasema pupilla. Sasa ukimsogelea mtu ukamwangalia pale peusi katikati ya jicho unaona kuna mtu mdogo sana mle, ni wewe mwenyewe, ndo maana wakapaita pupilla. Wagiriki nao hivyohivyo, kwao kore ni msichana na ni mboni, na Waarabu wanasema insan al-ayn, yaani binadamu wa jicho.

Na we ulimuona. Ulikuwa na miaka mitatu, umeme umekatika, nakulisha uji barazani na chemli iko pembeni, ukanishika mashavu na mikono yako imejaa uji, ukasogea mpaka pua zikagusana, ukasema "mama, humu kuna mtoto." Nikakuuliza anafanya nini, ukasema "ananiangalia." Sijasahau mpaka leo.

Mwalimu wako yuko sahihi lakini, ile nyeusi ni tundu tu, juani inabana mpaka milimita 2 hivi na gizani inatanuka hata kufika 8, ile sura unayoiona inaakisiwa na konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Sisi mboni yetu imetoka kwenye kuona, zamani kitenzi kilikuwa na b, Wazulu bado wanasema bona, kwetu b ikadondoka kwenye ona ikabaki kwenye mboni. Kule Malawi kwa Wachewa mboni ni shahidi, na hiyo naipenda sana, aliyeona.

Sasa upande wa mwanafunzi. Kwa Warumi pupillus alikuwa mtoto yatima aliye chini ya mlezi, Waingereza wakalipata kupitia Kifaransa na maana yake hiyohiyo, mtoto wa kulelewa, kufundishwa kumekuja baadaye. Niliposoma hapo nilifunga kamusi kwanza nikakaa. We unajua mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, shangazi yangu, huyu unayemwita bibi, akanichukua na kibegi kimoja, akauza kitenge chake kipya nipate sare, na kila asubuhi kabla sijatoka ananigeuza nyuma akague kola. Kwahiyo mimi nilikuwa pupil kabla hata sijaingia darasani.

Bibi mwenyewe sa hivi ana mtoto wa jicho, la kushoto, ndani ya mboni pamekuwa peupe kama maji ya kuoshea mchele, akikuangalia hujioni. Mwezi ujao anafanyiwa operesheni, watatoa ile lenzi iliyoingia ukungu wamuwekee nyingine. Mkifunga shule utamkuta kashatolewa bandeji, ukae naye barazani umsogelee kama ulivyonifanyia mimi, afu uniambie umemuona nani mle.

Mama yako