Nyimbo za mapenzi za msimu wa baridi zipigwe hadi mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalotugusa sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini kila ifikapo Juni, baridi inapokaza na watu kuanza kuingia ndani mapema. Katika miezi hiyo redio husikilizwa kwa utulivu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na kwa maoni yangu hakuna muziki unaoufaa utulivu huo zaidi ya nyimbo za mapenzi za zamani, zile tunazoziita zilipendwa. Masikitiko yangu ni kwamba vituo vyetu vingi huzipiga nusu tu.

Kila Desemba husambazwa kwenye intaneti orodha za nyimbo za mapenzi za majira ya baridi, nazo hurudiwa na baadhi ya watangazaji wetu bila kutafakari kwamba zimepangwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya dunia, ambao wakati huo wako kwenye theluji. Desemba mkazi wa Dar es Salaam anatafuta feni, na huku kwetu Njombe ni wakati wa mvua na shughuli za shambani. Baridi yetu ni ya Juni hadi Agosti, pwani inapokuwa katika kipupwe, Makete kukiwa na asubuhi ambazo nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu, na Nairobi mawingu yakitanda siku baada ya siku. Anayetaka kutupendekezea nyimbo za baridi na aanze na kalenda yetu, kisha afungue hazina yetu wenyewe.

Hazina hiyo ni kubwa, na tabia yake inalingana na usiku wa baridi. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 haukuwa na haraka: magita yalianza taratibu yakipokezana, mwimbaji akaingia na kueleza yaliyo moyoni mwake kama mtu anayeandika barua, akimtaja mpenzi wake kwa jina, akimsihi na kumkumbusha, na baada ya maneno kwisha ndipo vyombo vilipopewa uwanja na chemko, ile sehemu ya kuchangamka, kuanza. Marijani Rajab, tuliyemwita Jabali la Muziki, alizipa baadhi ya nyimbo zake majina ya wanawake, kama Zuwena na Georgina, na msikilizaji aliyetulia humfuatilia mtu huyo anayetajwa hadi akahisi kwamba anamfahamu. Katika “Malaika”, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Kenya na Miriam Makeba akaupeleka mbali duniani, kijana anashindwa kumuoa ampendaye kwa sababu hana mali, lakini hamlaumu msichana wala wazazi wake. Lawama yote anaitupia fedha. Upole wa namna hiyo ndio ninaoutafuta usiku wa Julai. Mipasho ya taarabu ya kisasa ina mahali pake, hasa kwenye kumbi za harusi, ila saa za baridi ningependa zaidi taarabu asilia yenye ala za udi, kanuni na fidla, ambamo mapenzi husemwa kwa mafumbo na msikilizaji huachiwa kazi ya kuyafumbua.

Sasa nirudi kwenye kukatwa kwa nyimbo. Zamani kulikuwa na sababu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu ya Kiswahili, upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika tatu, hivyo nyimbo ambazo Unguja zingeimbwa kwa muda mrefu zilibidi zibanwe. Baadaye, bendi kama Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga waliohamia Nairobi, zilitoa nyimbo kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma. Aliyependa wimbo aliinuka akageuza santuri, akarudi kuketi, akasikiliza hadi mwisho. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi bendi zetu studioni kwenye kanda, ambazo hazikuwa na kikomo hicho, na ndiyo sababu tunazo nyimbo nyingi ambazo hazikuwahi kutolewa kwenye santuri.

Leo wimbo umehifadhiwa kwenye kompyuta na hakuna upande wa kugeuza, lakini mtangazaji huzungumza juu ya magita ya mwanzo, huacha ubeti mmoja au miwili usikike, kisha hukata wimbo mara tu chemko kinapoanza ili apishe tangazo la biashara. Mpenzi amekwisha kusihiwa, na jibu la magita hatulisikii. Najua vituo vinaishi kwa matangazo, na sitegemei nyimbo za dakika nane zipigwe saa za asubuhi watu wakiwa safarini kuelekea kazini. Lakini baada ya saa tatu usiku matangazo hupungua na wasikilizaji hawana pa kwenda kwa baridi. Ninaviomba vituo vya redio, kuanzia Juni hadi Agosti, vitenge walau saa moja kila usiku ambamo nyimbo za mapenzi za zamani zitapigwa kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, na mtangazaji aseme tu jina la wimbo, bendi, mtunzi na mwaka.

Gazeti lako pia linaweza kusaidia, Ndugu Mhariri. Ukurasa wa burudani uchapishe kila wiki katika miezi hiyo historia ya wimbo mmoja wa mapenzi, ukimtafuta mwanamuziki aliyeshiriki kuurekodi na kumhoji angali hai, maana wengi wa waliopiga magita hayo majina yao hayatajwi popote, hata na sisi tunaozijua nyimbo zao kwa moyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Njombe