Mwalimu asema mimi ni soprano, koo langu linakataa: nifanyeje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenzangu jambo linalonitatiza katika masomo yangu ya uimbaji wa kiklasiki, kwani naamini wamo miongoni mwao walimu wa sauti, wanakwaya wazoefu na hata madaktari wa koo wanaoweza kunishauri. Nimekuwa mwanakwaya wa sauti ya pili tangu ujana wangu. Tangu mwaka jana ninafundishwa na mwalimu binafsi, mtu mzima aliyewahi kuimba sauti ya tatu katika opera, na ambaye namheshimu kwa dhati.

Miezi ya mwanzo ilinipa mambo ambayo kwaya haikuwahi kunipa. Alinifundisha kuzifungua mbavu ninapovuta pumzi na kuzizuia zisiporomoke mapema, ili hewa itoke kwa kipimo hadi mwisho wa sentensi badala ya kuishia yote kwenye neno la kwanza. Alinionyesha jinsi ulimi unavyoziharibu irabu unapojirudisha nyuma, na jinsi taya linavyoweza kulegea bila mdomo kufunguka kupita kiasi. Noti zangu za chini na za kati zilikomaa, hata wanakwaya wenzangu wakaniuliza ninafanya nini. Kwa hiyo nisieleweke kwamba ninamshtaki mtu asiyejua kazi yake.

Tatizo lilianza alipoamua kwamba mimi ni soprano, yaani sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ya wanawake. Sababu yake ni kwamba katika mazoezi ya kupasha sauti niliwahi kuifikia noti ya A iliyo juu ya mistari mitano ya kuandikia muziki, nayo ikatoka safi. Tangu siku hiyo nyimbo zote ninazopewa ni za soprano, na sehemu kubwa ya kila kipindi tunaitumia kupanda nusu toni kwa nusu toni kwa irabu ya “a” mpaka nishindwe. Kwa maoni yangu, kuigusa noti moja ya juu hakuthibitishi aina ya sauti. La kuangalia ni eneo gani mwimbaji anaweza kukaa wimbo mzima bila kuchoka, ni wapi sauti yake ina rangi yake kamili, na ni wapi inapobadilika inapopanda. Yangu hugeuka karibu na E ile ya nafasi ya juu kabisa katika mistari mitano. Nikiivuka, taya hujikaza, mzizi wa ulimi hurudi nyuma, na nikiweka kidole shingoni nalisikia koromeo likipanda kana kwamba ninataka kumeza.

Maumivu hakuna, na hilo ndilo linalonichanganya. Ila baada ya kipindi sauti yangu ya kuongea huwa nzito na yenye kukwaruza hadi kesho yake. Asubuhi hiyo nikijaribu kuimba polepole na kwa sauti ndogo sana, noti za kati huchelewa kuanza: hewa hutangulia, ndipo sauti ifuate. Nikiimba kwa nguvu kasoro hiyo haisikiki, na nadhani ndiyo maana mwalimu haioni.

Nilipomweleza alinijibu kwa upole, “Vumilia, mwanangu, misuli mipya haijengeki kwa siku moja,” kisha akaniambia niipeleke sauti kwenye paji la uso. Lugha hiyo ya picha sina ugomvi nayo. Humsaidia sana mtu ambaye mwili wake umeshaonja kile kinachosemwa. Mimi bado sijakionja, na ninapouliza koromeo langu linapaswa kufanya nini katika zile noti, huniambia kwamba mwimbaji anayewaza koromeo hawezi kuimba. Kurekodi vipindi haruhusu, kwa hiyo siwezi kujisikiliza nyumbani nikapima nani kati yetu anasikia sawasawa.

Nimejisomea kiasi. Nyuzi za sauti za mtu anayeimba ile A ya karibu na katikati ya piano hukutana na kuachana takriban mara 440 kwa sekunde, na oktava moja juu yake, ile A aliyonisifia mwalimu, ni mara 880. Sioni ajabu basi kwamba msuguano wa namna hiyo ukiongezewa mkazo unaziacha zimevimba. Nimesoma pia habari za Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyefaulu mwaka 1854 kuliona koromeo lake mwenyewe kwa kutumia vioo. Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1841, Jenny Lind, mwimbaji wa opera kutoka Uswidi, alimwendea Paris akiwa na sauti iliyochoka, naye akamtaka kwanza aipumzishe kabla ya kuanza kumfundisha. Nautaja mfano huo kwa sababu mwalimu wangu huwanukuu mabwana wa zamani kila mara, ilhali linapokuja suala la kupumzika hanukuu mtu.

Kwa daktari wa masikio, pua na koo nitakwenda kwa vyovyote vile, maana ukwaruzaji unaojirudia wiki baada ya wiki si wa kubahatisha. Ninachoomba ushauri ni haya mengine. Waliowahi kuhamishwa kutoka sauti ya pili kwenda soprano watuambie: je, sauti yao ilikwaruza hivi mwanzoni kisha ikatulia, au waliohama kwa usalama hawakukwaruza kabisa? Na walimu wa sauti watueleze kama ni halali kumpandisha mwanafunzi kwa irabu iliyo wazi namna hiyo kabla hajajua kuvuka pale sauti inapogeuka.

Swali gumu zaidi ni la adabu. Mwalimu anatayarisha onyesho la wanafunzi wake na ameshanipangia nyimbo za soprano mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe. Ningependa kumwomba anishushie nyimbo hizo, au anipe za mezo, sauti ya kike iliyo chini kidogo ya soprano, kwa muda tukaangalie sauti itasemaje, lakini sijui nianzie wapi bila yeye kuona kwamba mwanafunzi wa juzi anamfundisha kazi. Rafiki mmoja ananishauri niende kwa mwalimu mwingine kwa kipindi kimoja tu, anisikilize na kunipa maoni. Je, nikifanya hivyo nimwarifu mwalimu wangu kabla, baada, au nisimwambie kabisa? Onyesho liko karibu na orodha ya nyimbo bado haijachapishwa, hivyo nitashukuru nikipata majibu mapema.

Wenu,
Mwimbaji wa sauti ya pili, mpaka itakapothibitika vinginevyo