Tini Zinapasuka: Kabla ya Kudai Mche Mwingine, Tuiangalie Ndoo

Kila Machi, masika yakianza kunyesha Dar es Salaam, simu ya kitalu chetu cha miche ya tini hujaa picha za aina moja: tini imepasuka kuanzia kitovuni, sisimizi wamejaa ndani, na chini yake maandishi, "Mmeniuzia mche mbovu." Safari hii mteja mmoja amedai arudishiwe na nauli ya bajaji.

Mche mbovu haufiki kwenye kuzaa. Uliozaa tini ishirini, kumi na tano zikapasuka, ni mche mzima ulionyweshwa kwa kurukaruka. Udongo ukikauka siku nne au tano, ganda la tunda hukaza na kuacha kutanuka. Yakija maji mengi kwa mkupuo, yawe ya mvua au ya ndoo mbili za kumwagilia kila Jumamosi, nyama ya ndani huvimba na ganda hukosa pa kwenda. Likipasuka leo, kesho limechacha. Tini changa hazipasuki. Zenyewe husinyaa na kudondoka, halafu tunaambiwa mti "hauna nguvu", unaongezewa urea. Urea itakupa majani makubwa kama sinia na tunda hutaliona.

Hizo ndoo mbili za Jumamosi ndizo zinazotuudhi zaidi. Tunajua kuna mgao wa maji, lakini mtini hauweki akiba ndani ya ndoo ya lita 20 ulimopandwa. Tena udongo wenye samadi ukikauka sana hunywea, unaachana na kuta za ndoo. Ukimwaga maji yanapita pembeni, yanatokea chini baada ya sekunde chache, nawe unaondoka ukijua umemwagilia. Chomeka kidole katikati: ni vumbi. Hapo dawa ni kuizamisha ndoo nzima kwenye beseni la maji nusu saa, mpaka mapovu yaache kutoka juu, kisha uiinue ichuruzike.

Baada ya hapo, mche wa urefu wa mita 1 upewe kama lita 3 kila asubuhi miezi ya joto, Desemba hadi Machi. Kipimo chenyewe ni kidole: kikiingia hadi kiungo cha pili na bado kuna unyevu, ruka siku hiyo. Ulio ardhini kwenye mchanga wetu wa pwani, lita 20 mara mbili kwa wiki mwaka wa kwanza. Tandaza majani makavu au pumba za mpunga unene wa sentimita 8, ila uache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina, lisije likaoza. Tini zikianza kulainika na kubadilika rangi, usiongeze maji. Mvua kubwa ikija, sogeza ndoo chini ya upenu.

Majani kunyong'onyea saa 9 alasiri si lazima iwe kiu. Yakiinuka yenyewe saa 12 jioni, hilo lilikuwa joto tu. Yakiwa bado yamelala saa 1 asubuhi, pima udongo: ukiwa mkavu, mwagilia; ukiwa umelowa na unanuka, mizizi inaoza, na maji zaidi ndiyo yatauua mti. Ndoo nyeusi iliyoegeshwa ukuta wa magharibi huchemsha mizizi. Ivalishe gunia au ipake chokaa, usiuhamishie mti kivulini moja kwa moja, maana mtini unataka jua la muda wa saa 6 na zaidi kwa siku ili uzae.

Wadudu. Unga mweupe kwenye maungio ya majani ni vidung'ata, na sisimizi wanaopandapanda shinani ndio wachungaji wao. Zungushia shina utepe wa plastiki, pakaa grisi juu ya utepe (kamwe si kwenye gome), kisha nyunyiza mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita 1 ya maji, na matone machache ya sabuni ya maji, jioni, chini ya majani. Jaribu jani moja kwanza, usubiri siku mbili. Majani yenye vidoti vya kahawia upande wa chini yana ugonjwa wa kutu: yachume uyachome, na uache kulowesha majani usiku.

Adui ambaye akishaingia mizizini ni vigumu kumtoa ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni. Mizizi ya mti alioushambulia huwa na vinundu kama shanga, na mti hudumaa hata ukiulisha vipi. Anakuja na udongo uliotoka bustani ya nyanya au bamia. Ndiyo maana udongo wetu tunaupika kwa mvuke nusu saa kabla ya kujaza viriba (mifuko ya kuoteshea miche), na ndiyo maana bei ya mche wetu ni mara tatu ya ule wa barabarani. Kuni na miezi sita ya kitaluni vina gharama. Wengine huotesha mbegu za tini kavu za Ramadhani ili waokoe hela. Nyingi za aina hiyo hazishiki tunda bila nyigu wake maalumu, kwa hiyo utangoja miaka kuvuna majani.

Na wanaosema tini zetu hazina utamu: mnachuma mapema kwa kuogopa kunguru. Tini ikishachumwa haiivi tena. Ivishe kifuko cha neti kuukuu ya mbu, ngoja shingo ilegee na tunda liiname lenyewe. Ukichuma ukaona maziwa yanatoka, umewahi; nawa haraka, utomvu huo ukipigwa na jua unababua ngozi.

Mche ukikauka ndani ya siku 14 tunabadilisha bila maneno. Baada ya hapo, tutumie picha tatu: jani upande wa chini, matundu ya chini ya ndoo, na kidole chako baada ya kukitoa kwenye udongo.