Hodi kwa lugha ya wenyewe: barua kwa nyumbani Ujiji

Leuven, Ubelgiji
Novemba

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Bibi, mwakeye. Mdogo wangu, salamu nyingi.

Barua hii anakuja nayo mwenzetu anayerudi Dar es Salaam, naye ameahidi kuikabidhi kwa mtu wa treni mpaka Kigoma. Mama, ulisema maneno ya simu yanapita na upepo, unataka karatasi utakayoiweka kwenye mkoba wako. Basi hii hapa. Mimi mzima. Baridi imeanza, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na majani ya miti yote yameanguka. Masomo yanakwenda.

Lakini kilichonikalisha chini ni wewe, mdogo wangu. Mama ameniambia umeanza safari za Bujumbura na Uvira, unavusha chumvi ya Uvinza na kurudi na vitenge. Nimefurahi sana. Kisha akaniambia ulivyomjibu alipokuuliza utaongeaje na watu huko: "Kule wote wanajua Kiswahili, Mama, watanielewa tu." Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu nami nilikuja huku na neno kama hilo mfukoni.

Unakumbuka nilivyosoma Kifaransa jioni kwa yule mwalimu Mrundi, pale Mwanga. Sisi watu wa Kigoma tunajua Ubelgiji kupitia Burundi na Kongo, na kwa kuwa huko Wabelgiji waliacha Kifaransa, tukaamini Mbelgiji ni mtu wa Kifaransa. Nilijiona nimejiandaa kuliko wenzangu wote. Wiki ya kwanza nikaingia duka la mikate, watu wapo kwenye foleni, zamu yangu ikafika, nikasema kwa sauti: "Bonjour, je voudrais un pain." Mama muuzaji akaninyamazia. Akanijibu kwa Kiholanzi, maneno mawili makavu, akaweka mkate juu ya meza bila kunitazama. Nilitoka pale na machozi. Nikasema ni rangi yangu.

Sisemi ubaguzi wa rangi haupo huku. Upo, na umenikuta mara nyingine mahali pengine. Lakini siku ile halikuwa hilo. Mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa hapa, aliponisikiliza alinyamaza kidogo, kisha akanifundisha maneno haya: "Goedemorgen. Spreekt u Engels?" Yaani, habari za asubuhi, je, unasema Kiingereza? Kesho yake nikarudi duka lile lile nikayasema, kwa matamshi mabovu kabisa. Yule mama akatabasamu uso mzima. Tukaendelea kwa Kiingereza, nami nilipokwama kwenye bei, ni yeye aliyenitajia kwa Kifaransa. Alikuwa anakijua tangu mwanzo!

Nilitaka kujua kwa nini, nikauliza na kusoma. Nchi hii ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, wakubwa walitawala kwa Kifaransa. Mahakama Kifaransa, jeshi Kifaransa, vyuo Kifaransa, na huku walio wengi ni watu wa Flanders, upande huu wa Leuven, wanaosema Kiholanzi. Mkulima angeweza kushtakiwa kwa lugha asiyoielewa. Sheria ya kukipa Kiholanzi hadhi sawa na Kifaransa ilikuja mwaka 1898 tu, na hata baada ya hapo mapambano yaliendelea. Mpaka wa lugha ulichorwa kwa sheria mwaka 1962: huku Kiholanzi, kule Kifaransa, Brussels lugha zote mbili, na upande wa mashariki kipande cha watu wa Kijerumani. Hapa hapa Leuven, mwaka 1968, ugomvi wa lugha katika chuo kikuu uliangusha serikali ya nchi. Chuo kikagawanywa viwili, vitabu vya maktaba vikagawanywa, na upande wa Kifaransa ukaenda kujengewa mji mpya ng'ambo ya mpaka, Louvain-la-Neuve.

Kwa hiyo mgeni anayeingia dukani na kuanza moja kwa moja kwa Kifaransa anagusa kidonda cha babu za watu bila kujua. Mama, niliposoma hayo nilikumbuka sekondari, tulivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, na aliyekivaa akatafuta mwenzake wa kumkamata ili akivue. Mtoto wa Kitanzania, ndani ya Tanzania. Nilimwelewa yule muuza mikate zaidi ya nilivyotaka kumwelewa.

Ungepanda treni nami ungeona ajabu yake. Treni ya kwenda Liège ikisimama hapa Leuven, kibao kinaandika Luik. Mji ni ule ule. Tangazo la ndani ni Kiholanzi, tukivuka mpaka wa lugha linageuka Kifaransa, na Luik inakuwa Liège. Mji wa Mons upande huu unaitwa Bergen, na mgeni asiyejua anaweza kuupita akiutafuta. Mwaka 2024 mkaguzi wa tiketi aliwasalimu abiria kwa lugha zote mbili treni ikiwa bado Vilvoorde, upande wa Kiholanzi, dakika chache kabla ya Brussels, na abiria mmoja akapeleka malalamiko kwa tume ya serikali inayosimamia lugha. Hapo mimi siko upande wa mlalamikaji. Salamu haijawahi kumwibia mtu kitu. Lakini mjue tu jambo lenyewe lina moto kiasi gani.

Shikamoo huku haipo, Bibi. Mwanzoni nilihisi kama natembea bila kanga, nampita mzee bila neno la kumpa. Baadaye nikagundua heshima yao wameificha ndani ya "wewe". Kiholanzi kina "je" ya rafiki na "u" ya mkubwa au usiyemjua. Kifaransa kina "tu" na "vous". Ukikosea ukamwita mzee kwa neno la rafiki, hakugombezi, ila unaona amesogea nyuma kidogo. Na nilipofika Lille, kule Ufaransa, nilimwuliza muuza duka bei ya sabuni kabla ya kumsalimu. Alinitazama, akasema "Bonjour", akasubiri. Nikasema "Bonjour". Ndipo akanijibu. Ningeweza kuapa niko Ujiji mbele ya Bibi, siku niliyomkimbilia kuomba chumvi na yeye akaniuliza, "Kwani tumeshaonana?"

Na kuna Papenburg. Hili Mama utalipenda. Mwezi wa Agosti mimi na rafiki yangu tulikwenda kaskazini mwa Ujerumani, mji ambako meli yetu Liemba iliundwa mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, kabla haijafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuungwa tena Kigoma. Watu wa huko salamu yao ni "Moin", asubuhi na jioni, neno moja tu. Nilimpa "Moin" mzee mmoja aliyekaa kando ya mfereji, nikamwambia kwa Kijerumani cha kuokoteza kwamba nimetoka Kigoma. Akasimama. Akasema, "Liemba?" Sikuwa na maneno mengine ya Kijerumani, naye hakuwa na Kiingereza, lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, tukasimama hivyo muda. Ningeanza kwa Kiingereza, nadhani angenielekeza njia na kuketi tena.

Sasa nifike kwenye neno zito, na Mama nakuomba ulisome taratibu.

Brussels kuna mtaa mdogo karibu na uwanja mkuu wa mji wa kale, unaitwa Rue de Tabora, na chini yake kibao hicho hicho kinasema Taborastraat. Ndiyo, Tabora yetu. Askari wa Kongo chini ya Wabelgiji waliichukua Kigoma na kisha Tabora mwaka 1916, na jina likaja kubandikwa ukutani huku. Nilisimama chini ya kibao kile nikiwaza hao askari, watu wa ng'ambo ya ziwa letu, ambao majina yao hayapo ukutani. Kisha nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kutafuta muhogo na mawese. Ndani ya duka nikasikia Kiswahili. Moyo uliruka! Alikuwa mama mtu mzima wa Kalemie, ananunua dagaa, anamwambia mjukuu wake, "Niko nakuya, ungoje." Nikamsalimu, tukafurahi, tukaongea. Aliposema "batoto bangu", mimi, bila kufikiri, nikamrekebisha: "Watoto wangu, mama."

Akanitazama kwa upole. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kigoma. Akasema, "Eh. Kwenu kule banatuchekaka."

Akanieleza alivyovuka ziwa wakati wa vita, mwaka 1996, na wanawe wadogo, akateremka Kibirizi amelowa. Neno la kwanza alilosema ufukweni lilikuwa la kuomba maji ya watoto, na vijana waliokuwa pale wakalirudia kwa kumwigiza, wakacheka. Maji alipewa, alisema, watu wa Kigoma ni wema. Lakini kile kicheko alikuja nacho mpaka Ulaya. Kwa miezi mingi kambini hakufungua mdomo mbele ya Mtanzania.

Mdogo wangu, hao vijana hatukuwa sisi. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ila jirani yetu wa nyuma, Mama Vitenge, ni wa Kalemie naye, na sisi tulimfanyaje? Kila jioni tukiigiza "aksanti" yake kwenye uzio, wewe ukiniamkia kwa sauti yake mpaka tukaanguka kwa kucheka, na Mama ukitukemea hatusikii. Ni lugha yake! Ndiyo aliyonyonyeshwa nayo. Na Bibi pia, tulikuwa tunaona haya akisema Kiha mbele ya wageni waliotoka Dar. Nikiwa dukani Matonge mbele ya yule mama, nilimwona muuza mikate, na safari hii mwenye uso mkavu nilikuwa mimi.

Basi ukifika Bujumbura, usianze na bei. Sema "Mwaramutse" kama ni asubuhi, "Mwiriwe" kama jua limegeuka, na ukipewa kitu sema "Murakoze". Kiha cha Bibi kiko karibu sana na Kirundi. Kaa naye jioni mbili akufundishe, utashangaa mlango ulio nao nyumbani. Ukitaka kutumia Kiswahili, kiombe kama unavyopiga hodi: uliza kama mwenzako anakitumia, ungoje akukaribishe. Buyenzi watakuitikia kwa Kiswahili mara moja, maana huo ni mtaa wa Waswahili. Mtaa mwingine mtu atakielewa lakini hapendi kuanziwa nacho, na hiyo ni haki yake. Akikujibu Kifaransa, usidhani anaringa, labda ndiyo lugha ya kazi yake. Hesabu yake ya septante, yaani sabini, na nonante, yaani tisini, ndiyo hiyo hiyo ninayoisikia kwa Wabelgiji wa Kifaransa, kwa hiyo izoee kabla hujalipa pesa. Na Uvira wakisema "batoto", wewe usirekebishe mtu. Uliza watoto hawajambo.

Mtu akijitahidi Kiswahili mbele yako hapo Kibirizi, Mrundi, Mkongo au mzungu aliyetoka Gombe na "jambo" yake, msubiri amalize sentensi. Huku nimepata walionisubiri, na najua ni zawadi kiasi gani. Kuna bibi jirani yangu ambaye kila Jumapili hukaa nami nusu saa, anasikiliza Kiholanzi changu kinavyojikwaa, hageukii Kiingereza mpaka nimwombe. Nikimaliza ndipo anamimina chai.

Mama, nina ombi moja. Nenda kwa Mama Vitenge, mpelekee kilo ya sukari kutoka kwenye hizo fedha nilizotuma, umwambie mwanao aliyekuwa akimwigiza kwenye uzio anaomba radhi. Muulize na jina la kijiji chake, kwa kuwa tumeishi naye miaka yote hiyo na hatukuwahi kumuuliza. Mdogo wangu, nenda na Mama na daftari, uandike atakalojibu, neno kwa neno, kama litakavyotoka mdomoni mwake. Usilinyooshe.

Nawapenda,
mwanenu na dada yako