Njia mteremko ya kituoni ipimwe na watakaoitumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu ukarabati wa kituo chetu cha treni hapa Dar es Salaam, unaolenga kuwarahisishia usafiri wazee na watu wenye ulemavu. Nia ni njema na wakazi tumeipokea kwa moyo mkunjufu. Wasiwasi wetu ni njia mteremko: imejengwa fupi, na ni kali mno. Kipimo kinachokubalika ni mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo. Hapa mama mwenye kiti mwendo husukumwa na vijana wawili, na chini kuna mtaro usio na mfuniko. Magurudumu ya mbele hunasa. Asiyeona naye hana alama ya kumwonya kwamba amefika ukingoni mwa jukwaa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Tunaomba wahusika, kabla ya kupokea kazi kutoka kwa mkandarasi, wawaite wawakilishi wa SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini) na wazee wa mtaa wapande na kushuka wenyewe, treni ikiwa imesimama. Kasoro zirekebishwe sasa, mafundi wakiwa bado wapo.

Mkazi,
Dar es Salaam