Anwani za intaneti zilizolala zirudishwe

Mhariri,

Kampuni ya Apple ina anwani za intaneti (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) 16,777,216, zote zikianza na namba 17. Ford nayo ilipewa fungu la ukubwa huohuo. Walizipata enzi ambazo kuomba tu kulitosha, na wachache walidhani zingekwisha. Zilikwisha. Februari 2011 mafungu matano ya mwisho yaligawiwa, moja kwa kila kanda ya dunia. Yaani siku ile Afrika nzima ilipata sawasawa na zile za kampuni moja ya Marekani!

Adha tunaiona huku. Kampuni za simu hulazimika kuwarundika wateja wengi kwenye anwani moja. Mmoja akifanya utapeli, tovuti huifungia anwani hiyo na wasio na hatia hufungiwa pamoja naye.

Najua toleo jipya la anwani hizi, la sita (IPv6), lipo, tena lina nafasi tele, lakini tovuti nyingi bado hazijahamia huko. Chuo Kikuu cha Stanford kilirudisha fungu lake mwaka 2000. Chuo kingine cha Marekani, MIT, mwaka 2017, iliamua kuuza mamilioni ya anwani zake. Nayaomba makampuni yenye anwani zisizotumika yafuate mfano wa Stanford.

Msomaji wako,
Morogoro